Shangazi Nisaidie: Miaka minne na mtoto wa watu, kumbe nateka maji kwa pakacha?

Shangazi shikamoo. Mimi ni fundi wa mashua, nakaa Langoni hapa Lamu. Kuna kijana nilimchukua akiwa darasa la sita, babake alienda bara hakurudi tena, mamake auza mahamri asubuhi, na pale mtaani kulikuwa na kikundi cha kujitolea kinaunganisha watoto na watu wazima wa kuwashika mkono, mimi nikapewa yeye. Kila Jumamosi alikuwa anakuja bandani, kwanza twamaliza homuweki yake alafu nampa kazi ndogo ndogo, mchana twaswali twala namrudisha kwao. Mwaka wa kwanza kalafati yake, yaani ile kuziba nafasi za mbao za mashua kwa pamba, ilikuwa haikai, apiga pamba yatoka, nikawa namwachia aifungue aanze upya mwenyewe mpaka akaijua. Miaka minne hivyo hivyo. Sasa yuko kidato cha pili, na tangu Ramadhani iishe haji. Simu hashiki. Naskia yuko forodhani na vijana wa muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, na mwalimu wake asema shule anakosa kosa. Wazee barazani waniambia nilikuwa nateka maji kwa pakacha. Nimechoka Shangazi. Niambie ukweli, imeenda bure? Nimwache nichukue mdogo mwengine?
*Fundi, Langoni*

Marahaba mwanangu. Hapana, haijaenda bure. Na sisemi hivi kukupoza roho, nasema kwa sababu haya mambo watu wameyafuatilia kwa miaka mingi mno na majibu yapo.

Huko Marekani mwaka 1904 kulikuwa na karani wa mahakama ya watoto ya New York, Ernest Coulter, alikuwa anaona vijana wanapita mbele yake kila siku na wengi hawana mtu mzima hata mmoja wa kuwauliza jana ulilala wapi, akaenda kuwaomba wanaume wa mjini kila mmoja ashike mtoto mmoja awe rafiki yake. Ndio chanzo cha Big Brothers Big Sisters, ambayo mpaka leo ipo. Sasa mwaka 1995 yakatolewa matokeo ya utafiti wa watoto 959 wa miaka 10 hadi 16 walioomba kuunganishwa na walezi kama hao, nusu wakapewa walezi na nusu wakabaki kwenye foleni ya kusubiri, baada ya mwaka mmoja na nusu wakalinganishwa. Wale waliopata mlezi, uwezekano wa kuanza madawa ya kulevya ulikuwa chini kwa 46%, kuanza pombe chini kwa 27%, na siku za kutega shule zilipungua kwa 52%. Na hao walezi hawakuwa madaktari wala masheikh wala walimu. Walikuwa wanaonana na mtoto kama mara tatu kwa mwezi, masaa machache, wanakula, wanacheza, wanapiga stori, bas. Wewe ulikuwa unamuona kila wiki.

Nikwambie na upande wa pili manake umeniomba ukweli. Mwaka 2011 watafiti walikusanya tathmini za miradi 73 ya aina hii wakaziweka pamoja, wakakuta faida ipo kweli lakini ni ya wastani. Si miujiza. Kwa hivyo yule anayekwambia kijana akishapata mlezi hatateleza tena, huyo akudanganya, na mimi naona nyinyi watu wa kujitolea mwaumia sana kwa sababu mliahidiwa malaika, mtoto akishika muguka siku moja mwaona mumeshindwa.

Alafu kuna huu mwengine ambao ndio nataka uwasomee hao wazee. Kule Hawaii kuna kisiwa kidogo chaitwa Kauai, na mtafiti mmoja mwanamke, Emmy Werner, na wenzake waliwafuata watoto 698 waliozaliwa huko mwaka 1955, toka mama zao wakiwa na mimba mpaka watoto wenyewe wakafika miaka 40. Wengine walizaliwa kwenye shida hasa, umaskini, nyumba za ugomvi, wazazi walevi au wagonjwa wa akili. Katika hao wa shida, kama thuluthi moja walikua vizuri tu, wakasoma, wakafanya kazi, wakaoa na kuolewa, na kitu kimoja kilichojirudia kwenye maisha yao ni kwamba kulikuwa na mtu mzima aliyesimama nao kwa muda mrefu, nyanya, jirani, mwalimu, mtu tu. Lakini sikiza hapa. Wale wengine, walioharibika wakiwa na miaka 16, 17, 18, wenye kesi na wenye mimba za mapema na walioacha shule, Werner alipowarudia wakiwa na miaka thelathini na kitu na arubaini, wengi wao walikuwa wamejirekebisha. Wengi! Kwa hivyo wewe umemfunga hesabu kijana wa kidato cha pili, wakati wenzako walingoja miaka 40 ndio wakasema tumeona.

Na Lamu tusijifanye hili ni geni kwetu. Habib Swaleh, yule mwanachuoni, alipokuja hapa kutoka Ngazija huko Komoro karne ya 19, aliwafundisha hata wale ambao kwa nasaba zao watu walikuwa hawataki wakae darasa moja na watoto wao, na Riyadha, msikiti na chuo chake, ikasimama, mpaka leo watu wajaa Lamu kila Maulidi. Mwalimu wa aina hio hapimwi na alichofanya mwanafunzi wiki iliopita.

Sasa nikirudi kwenye ile kalafati. Mimi nimeisoma hio sehemu ya barua yako mara nyingi kuliko zengine zote. Mtoto aliyeachwa na babake, apiga pamba yatoka, mtu mzima amesimama kando hamtukani, hamnyang'anyi nyundo, amngoja aifungue aanze tena, na Jumamosi ijayo tena, na ile nyengine tena. Huyo mtoto kuna kitu ashakijua ambacho wenzake pale forodhani huenda hawajawahi kukiona, kwamba ukikosea kuna mtu hakufukuzi. Wallahi hicho hakimtoki kwa muguka. Lakini saa hizi ndio akitafuta tena, ndio maana hashiki simu, kijana wa umri huo akikosa huwa aona haya kwa yule anayemheshimu kabla ya mwengine yeyote, angekuwa hakujali angeshika simu akakudanganya.

Kwa hivyo usichukue mdogo mwengine, sio sasa. Acha kumpigia pigia. Mwandikie mesiji moja fupi, mwambie kuna mashua yahitaji mkono wa pili Jumamosi, chakula kipo, usiulize uko wapi na wala usitaje mwalimu. Asipokuja, wiki ya pili mwandikie ile ile. Mpitie mamake kwa heshima umuulize hali tu, nyumba nyingi mtoto akianza kutega shule kuna jambo la pesa au la ugonjwa ambalo mama aona haya kusema. Kama wataka kumuona forodhani nenda, lakini nenda kama mtu anayepita, msalimie mbele ya wenzake kwa jina lake vizuri, usimtoe pembeni kumpa hotuba, ukimuaibisha hapo umemwachia muguka mwenyewe. Na akija siku hio, kazi kwanza. Mpe nyundo. Maneno yatakuja yenyewe mkiwa mumeinama nyote wawili hamuangaliani machoni, wavulana ndivyo waongeavyo.

Ukigundua ameshaingia kwenye vitu vizito kuliko muguka, unga wa heroini ama vidonge, hapo usijibebeshe peke yako. Laini ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na madawa ya kulevya, ni 1192, ni bure, wakueleze pa kumpeleka.

Na hao wazee barazani waulize, wao wamemshika nani?

---

Shangazi mambo, mimi ni mwanachuo niko Malindi kwa atachimenti, mafunzo ya kazi, hotelini, miezi mitatu. Jirani na ninapokaa Muyeye kuna mtoto wa miaka 11 hivi yatima, nimempenda sana, nataka nimchukue niwe menta wake kwa hii miezi kabla sijarudi Eldoret. Nimeshamnunulia viatu. Nianzie wapi?
*Mwenye moyo, Malindi*

Poa mwanangu, na Mungu akuzidishie moyo huo, lakini usianze.

Najua nakukata maini. Wale watafiti wa Big Brothers Big Sisters mwaka 2002 walichambua tena zile data zao kwa kuangalia mtoto alikaa na mlezi muda gani, wakakuta waliokaa mwaka mzima na zaidi ndio waliofaidika kuliko wote, na waliovunjikiwa ndani ya miezi mitatu walishuka, yaani walijiona hawana thamani kuliko walivyojiona kabla. Fikiria mtoto ashazika wazazi, apata kaka mpya, kaka amzoesha, Agosti kaka apanda basi. Yeye hatasema atachimenti imeisha. Atasema hata huyu pia.

Unachoweza kufanya kwa miezi mitatu ni kitu cha watoto wengi kwa pamoja, tuisheni ya jioni ya hesabu, mpira Jumapili, kuwasomea vitabu, na uwaambie siku ya kwanza kabisa tarehe utakayoondoka ili wasishtuke. Viatu mpe lakini umkabidhi anayemlea, si yeye mkononi. Na ukikuta pale Muyeye mtu mzima wa hapo hapo, mwenye nyumba yake na familia yake, ambaye hataenda popote, mkutanishe na huyo mtoto. Hio kazi ukiifanya utakuwa umemfaa zaidi ya ungekaa naye wewe.

---

Shangazi, mimi ni mama wa watoto wanne, Maweni, Malindi. Kuna bwana mmoja aja hapa mtaani asema ajitolea kuwalea vijana, amempenda binti yangu wa miaka 14, amletea vitabu, ampeleka kula chipsi, na juzi nimeona amempa simu ndogo akamwambia asinionyeshe. Majirani wasema nina bahati nisimuudhi mtu mwema. Moyo wangu haujatulia.
*Mama binti*

Moyo wako uko sawa mama, usiutulize.

Mlezi wa kweli humtaka mzazi ajue kila kitu. Aja kwako kwanza, akaa sebuleni, akueleza ametumwa na kikundi gani na nani msimamizi wake, akuonyesha cheti cha tabia njema cha polisi bila kununa, akuambia siku na saa na mahali, na hapo mahali pawe pa wazi ambapo mtu yeyote aweza kupita. Kwa binti wa miaka 14 vikundi vingi hutafuta mlezi mwanamke, na mimi naona ndivyo ifaavyo. Zawadi zapitia kwako. Simu ya siri haipo katika hii kazi, haipo kabisa, mtu mzima anayemfundisha mtoto kumficha mamake si mlezi hata awe amejenga msikiti.

Najua Malindi yetu, najua njaa ilivyo na kwamba kuna nyumba ambazo mtu akileta unga watu hufumba macho. Ndio hao watu huchagua nyumba hizo. Kwa hivyo usimuogope jirani atakayesema wewe huna shukrani.

Leo jioni kaa na binti yako wawili peke yenu, kwanza mwambie hana kosa na hutampiga, manake akiogopa kipigo hatasema kitu. Muulize amekuwa akiambiwa nini, ameenda wapi, ameguswa? Msikize mpaka mwisho usimkatize. Hio simu ichukue uiweke, usifute kitu ndani, yaweza kuwa ushahidi. Yule bwana usimvamie wala usimpe habari kwamba umejua. Piga 116, ni laini ya watoto, ni bure na usiku pia washika, ama nenda ofisi ya watoto hapo Malindi, na Sheria ya Watoto ya 2022 iko upande wako. Akiwa ameguswa mpeleke hospitali leo leo kabla hajaoga wala kubadilisha nguo, alafu polisi. Kama hakuguswa, ofisi ya watoto yataka kujua vilevile, kwa sababu mtaa huo una mabinti wengine.

Niandikie nijue imekuwaje.