Wadodosaji wapya, kibanja ni cha nani?

Wadogo zangu, nimepitia madodoso yenu ya nyumba zilizoharibiwa na tetemeko nikaishiwa nguvu. Mkuu wa kaya mwanaume, mwanaume, mwanaume mpaka mwisho, kwani Kagera hakuna wajane?

1. Tetemeko la Kagera la 10 Septemba 2016 msianze na ukubwa wake, hiyo 5.9, kila mtu anaijua. Angalia ukuta, tofali zimeshikwa na saruji au udongo, lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, ipo? Kama haipo uliza kwa nini, hapo ndo kazi inaanza.

2. Kibanja, yaani shamba la migomba lenye nyumba ndani yake. Hapa niliumbuka vibaya. Nilibeba orodha ya mwenyekiti wa kitongoji kama msahafu, nikafika kwa mzee mmoja, ufa mdogo tu, akanipa kahawa za kutafuna, akasema huku nyuma wote familia yangu, nikapiga tiki nikaaga. Kumbe huko nyuma kwenye migomba, pembeni ya makaburi ya ukoo, mke wa marehemu mdogo wake analala na watoto chini ya turubai, ukuta wake umelala wote. Kwenye orodha hayupo maana kibanja si chake, kwa hiyo kwenye ripoti yangu hayupo, na mabati yalipokuja yakashuka kwa mzee. Nilirudi kumuomba radhi, nikamuuliza kijinga kabisa mama mbona ulijengea udongo, akacheka, "Mwanangu, niweke saruji kwenye kibanja ambacho kesho ukoo wananiambia toka?" Na msiniletee kesi ya Holaria Pastory, najua Mahakama Kuu Mwanza ilishasema 1990 kwamba mwanamke anauza shamba la ukoo sawa na mwanaume, ila kikao cha ukoo hakikai Mwanza.

3. Chaji tableti usiku.

4. Ombeni daftari la kikundi cha kufa na kuzikana. Yule mama nilimkuta humo, michango yote kalipa! Ila someni na katiba yao jamani, ya kwao ilikuwa na ndizi, kuni, sanda, turubai la msiba, halafu nyumba ikianguka na wewe mzima katibu anakwambia hakuna kifungu. Na kibarua asiyechanga hayumo kokote, si kwa mwenyekiti si kikundini, huyo mtafuteni kwa miguu.

5. Shule ya sekondari ya Ihungo ilishajengwa upya, mnaenda kupiga picha ya nini?