Je, Uchovu Huu Umeletwa na Dawa ya Kolesteroli?

SWALI: Assalamu alaikum, daktari. Mimi ni mama wa miaka 56, mkazi wa Langoni, Lamu, na nina ugonjwa wa kisukari ninaoutumia metformini. Baada ya Idi nilianzishiwa atorvastatini ya miligramu 40 ili kushusha kolesteroli, na tangu hapo mwili umekuwa mzito. Jiko letu liko darini, na siku hizi nikifika juu ya ngazi hunibidi niketi kwanza ndipo niweze kukuna nazi. Jirani yangu ananihimiza niiache dawa hii nitumie kitunguu thaumu na habasoda. Je, nimsikilize?
Msomaji, Langoni

JIBU: Waalaikumu salaam, dada yangu. Nakuomba usiiache dawa hiyo kabla ya kuonana na daktari wako, kwa sababu mwenye kisukari katika umri wako yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata shambulio la moyo au kiharusi, na atorvastatini hupunguza hatari hiyo kwa kulizuia ini lisitengeneze kolesteroli nyingi. Hata hivyo, uchovu wako si wa kupuuzwa.

Dawa za jamii ya statini, ambamo imo hiyo atorvastatini yako, zinaweza kuchosha. Utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 2012, uliowahusisha watu zaidi ya 1,000, ulionyesha kwamba baadhi ya waliotumia simvastatini au pravastatini walipungukiwa na nguvu, hasa wanawake. Kwa upande mwingine, utafiti wa Uingereza wa mwaka 2020 uliwachukua watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara, wakapewa kwa zamu statini, vidonge visivyo na dawa, na miezi ya kutomeza chochote. Ikaonekana kwamba takriban asilimia 90 ya maudhi waliyoyapata wakiwa na statini yalijitokeza pia walipomeza vidonge vitupu. Maudhi hayo yalikuwa ya kweli, lakini mara nyingi chanzo chake hakikuwa dawa yenyewe.

Kwa hiyo, kwako wewe ningeanza kutafuta kwingine. Mwombe daktari apime tezi ya thairoidi iliyoko shingoni, kwani ikilegea humchosha mtu, hupandisha kolesteroli, na tena humfanya aumie misuli kwa urahisi anapotumia statini. Nasikitika kwamba kipimo hiki husahaulika mara nyingi. Metformini nayo, ikitumiwa kwa miaka, inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, kwa hiyo wingi wa damu na vitamini hiyo vipimwe pia. Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni zile ngazi: kwa mwanamke mwenye kisukari, kuchoka au kuhema anapopanda huenda ikawa ndiyo dalili ya moyo usiopata damu ya kutosha, hata bila maumivu ya kifua. Usikawie kupimwa moyo, na ukipata hali hiyo hata ukiwa umetulia, nenda hospitali mara moja.

Vipimo hivyo vikiwa sawa, daktari anaweza kukusimamishia dawa kwa wiki 2 hadi 4 akaangalia kama nguvu zitarudi. Zikirudi, njia bado zipo: kupunguza kipimo, au kubadili kwenda rosuvastatini au pravastatini, ambazo baadhi ya wagonjwa huzivumilia vizuri zaidi. Mweleze pia dawa nyingine zote unazotumia, na kama unapenda kunywa maji ya balungi kwa wingi, kwa kuwa balungi huongeza kiasi cha atorvastatini katika damu, kama zifanyavyo klarithromaisini, ambayo ni dawa ya kuua bakteria, na baadhi ya dawa za fangasi.

Ukiona misuli inauma sana au inalegea, mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, au macho yamegeuka manjano, acha kumeza dawa na ufike hospitali siku hiyo hiyo.

Kitunguu thaumu na habasoda endelea kuvitia chakulani, lakini hakuna ushahidi kwamba vinamkinga mwenye kisukari na shambulio la moyo kama statini inavyomkinga. Ukinuia kuvitumia kama dawa, mjulishe daktari kwanza, hasa iwapo unameza aspirini, kwani kitunguu thaumu kingi kinaweza kuzidisha kutoka damu.