Maji ya Ivuna si ya mvua yetu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Sisi wa Songwe tumekizoea kimondo cha Mbozi, lile donge la chuma ambalo wageni huja kulipiga picha. Sasa nasikia kimondo kingine kilianguka Ivuna, na kwamba kina maji ya tangu enzi za kuzaliwa kwa Jua. Lakini kilianguka Desemba, mvua zikiwa zimeanza. Tunajuaje kwamba maji hayo si ya mvua yetu? (Msomaji, Vwawa)

JIBU: Marahaba. Swali lako ni zito, na wataalamu wenyewe limewasumbua miaka mingi.

Kimondo cha Ivuna kilianguka tarehe 16 Desemba 1938. Kilichookotwa ni gramu 705 tu, wakati Mbozi ina tani 16 hivi. Hata hivyo, maabara za dunia nzima zinaijua Ivuna, kwa kuwa kundi adimu la vimondo liitwalo CI limepata herufi yake ya I kutoka kwenye jina hilo. Natamani kila mwanafunzi wa Songwe alijue jambo hili.

Usitarajie kulipasua jiwe lile ukaona tone. Maji yamefungwa ndani ya madini yenyewe. Gimba la angani lililolizaa lilikuwa mchanganyiko wa vumbi la mawe, chembe za chuma na barafu. Humo mlikuwa na alumini-26, alumini yenye mionzi, ambayo nusu yake huisha kila baada ya miaka 700,000 hivi huku ikitoa joto. Magimba yaliyojikusanya mapema, alumini hiyo ikiwa bado tele, yalipata joto la kuyeyusha hata mawe, chuma kikajitenga; vimondo vya chuma kwa kawaida hutoka huko. Gimba la Ivuna lilichelewa, na joto lake lilitosha kuyeyusha barafu tu.

Maji yakapenya kila mahali. Olivini, madini ya kijani, ikageuka serpentini na madini mengine ya jamii ya udongo wa mfinyanzi. Chuma nacho hakikusalimika. Huku kwetu chuma huliwa na kutu kikikutana na maji pamoja na oksijeni ya hewani. Kule hewa haikuwepo, hivyo chuma kilinyang'anya oksijeni ya maji yenyewe kikawa magnetaiti, kitu cheusi kinachonasa kwenye sumaku, na haidrojeni ikaachwa huru. Ukiitazama magnetaiti hiyo kwa hadubini ya elektroni, utaona punje za mviringo zimeshikana kama mayai ya samaki, nyingine ndogo kuliko sehemu ya elfu moja ya milimita. Chuma kitupu karibu hakikubaki.

Sasa mvua. Shaka yako ina msingi kabisa, maana mawe haya hunyonya unyevu hata yakiwa kabatini. Kimondo cha Orgueil, ndugu wa Ivuna kilichoanguka Ufaransa mwaka 1864, kina mishipa myeupe ya salfeti, aina ya chumvi yenye salfa. Wengi waliamini ni kazi ya maji ya kule angani, kumbe inaelekea ilijijenga hapahapa duniani kwa unyevu wa hewa yetu.

Kilichosaidia ni chombo cha Japani, Hayabusa2. Desemba 2020 kilileta gramu 5.4 za asteroidi Ryugu, gimba dogo la mawe linalozunguka Jua, ndani ya kasha lililofungwa, chembe ambazo hazijawahi kunyeshewa. Zilipochunguzwa zilikutwa na serpentini, magnetaiti na dolomaiti (madini ya jamii ya chokaa), kama Ivuna. Salfeti za namna ile ya Orgueil hazikuonekana. Kwa hiyo madini hayo ya Ivuna ni kazi ya maji ya kule angani, si ya mvua yetu.

Dolomaiti hiyo hutunza pia tarehe. Ilipojijenga kutokana na maji yale, ilifungia manganizi-53, metali yenye mionzi, ambayo hugeuka metali nyingine, kromiamu-53, kwa mwendo unaojulikana. Hesabu zinaonyesha maji yalikuwa yakifanya kazi ndani ya miaka milioni chache ya mwanzo wa mfumo wa Jua, zaidi ya miaka milioni 4,500 iliyopita, Dunia yenyewe ikiwa bado haijamaliza kuumbika.