Mchina wa Barazani na Mkenya wa Mtandaoni

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, assalaam aleikum. Mimi ni mkazi wa Langoni, Lamu. Binti yangu wa miaka 16 humrekodi mamake akipika, naye hueleza mapishi kwa Kiamu na kuyaweka TikTok. Juzi, katika video ya vitumbua, alisema "roweka mtele", na mtu aliyejitambulisha kuwa Mtanzania akaandika, "Wakenya bwana, hata mchele hawawezi kuutamka!" Wengine wakamfuata kwa vicheko hadi mtoto akalia. Wazee wenzangu barazani wanasema programu hiyo ni ya Wachina, ambao kazi yao ni kupeleleza na kuharibu watoto, basi niifute. Nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam, mzee wetu. Aliyemcheka binti yako hakujua kwamba Kiamu, lahaja ya Lamu yenye neno "mtele", kilikuwa kimekwisha kuimbwa katika tenzi za Lamu na Pate zamani sana kabla ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Alichokuwa nacho ni neno "Mkenya", akaona limemtosha.

Niwie radhi, lakini barazani neno "Mchina" nalo limewatosha. Januari 31, 2024, katika Baraza la Seneti la Marekani, seneta mmoja alimshikilia mkuu wa TikTok, Shou Zi Chew, kwa maswali ya uraia na ya Chama cha Kikomunisti cha China, naye akawa anarudia kwamba yeye ni Msingapore. Muda uliokwenda katika maswali hayo ungetosha kuulizia watoto, ambao ndio kikao kiliitishwa kwa ajili yao.

Sisemi kwamba kampuni hiyo haina lawama. Mwenye TikTok ni ByteDance ya Beijing, na mwaka 2025 msimamizi wa data wa Ireland aliitoza TikTok faini ya yuro milioni 530 kuhusu data za watumiaji wa Ulaya zilizofikiwa kutoka China. Mwaka 2023 alikuwa ameitoza yuro milioni 345, kwa sababu, miongoni mwa mengine, akaunti za watoto zilifunguka kwa kila mtu tangu siku ya kwanza. Lakini kashfa ya Cambridge Analytica ya mwaka 2018, iliyogusa data za watu wapatao milioni 87, ilikuwa ya Facebook ya Marekani na kampuni ya Uingereza, wala sikumbuki baraza lililosema Wamarekani wote ni wapelelezi. Hapa kwetu, ombi lililofikishwa Bungeni Agosti 2023 la kupiga marufuku TikTok lililalamikia picha za ngono, matusi na ukatili, yaani vitendo, na hayo mtu anaweza kuyapima.

Kwa hiyo usiifute kwanza. Kaeni pamoja na simu: hakikisheni akaunti si ya wazi kwa wote, na kwamba wanaoweza kuandika maoni ni rafiki zake tu. Programu yenyewe imewawekea walio chini ya miaka 18 kikomo cha dakika 60 kwa siku, ila mtoto anaweza kukipita, basi uwepo wako ndio kikomo cha kweli. Mkiona hata hivyo usingizi au masomo yanaharibika, ifuteni kwa sababu hiyo. Video ya vitumbua iacheni, na chini yake binti aandike kwamba mtele ni mchele kwa Kiamu.