Maswali ya Wavuvi: Mto Umepungua Maji, Samaki Wamekwenda Wapi?

SWALI: Assalaam alaykum ami. Mie ni kijana wa Wete, saa hizi niko Minnesota, Marekani, nafanya kazi ghalani na siku za mapumziko natoka na wenzangu kwenda kuvua mto Mississippi. Kiangazi tulikuwa tunapata wolai na sauga (samaki wawili wa mtoni wa huku, walleye na sauger kwa Kiingereza) vizuri tu, pale kwenye kuta za mawe zilizojengwa kutoka ukingoni kuingia mtoni. Sasa mwezi wa kumi umeingia, mvua hamna, mto umeshuka mpaka mawe yako nje, maji yamekuwa meupe unaona mpaka chini, na samaki hawali kabisa. Wenzangu wanasema tungoje tu mto ugande barafu, tuvue juu yake. Nami nimezoea bahari ya kwetu, mto siujui. Samaki wamekwenda wapi?

JIBU: Wa alaykum salaam mwanangu. Usingoje barafu! Huu ndo msimu wenyewe, na maji kupungua ni neema yako ukijua pa kutafuta. Mie nimefanya kazi huko huko kabla sijarudi Unguja na nakwambia, maji madogo ya mwezi wa kumi ndo yaliyonifunza kuusoma mto.

Kwanza elewa kwa nini wamehama. Zile kuta za mawe zilijengwa tangu karne ya 19 ili kuyasukuma maji katikati, njia ya vyombo ichimbike na iwe na kina. Mto ukiwa na maji ya kutosha, mkondo unapanda juu ya ukuta na wolai anakaa upande wa mbele yake, ule unaotazama yanakotoka maji, anangoja visamaki vinavyoletwa. Maji yakishuka ukuta unabaki na maji ya magotini, jua linapiga mpaka chini, na huyu samaki mchana mweupe haupendi hata kidogo. Nyuma ya jicho lake mna utando unaorudisha mwanga, ndo maana ukimmulika kwa tochi usiku macho yanang'aa kama ya paka, na sauga utando wake umetanda zaidi hata kuliko wa wolai, kwa hiyo yeye anaona vizuri hata kwenye maji ya tope au mahali pa giza sana. Sasa samaki mwenye macho hayo umwekee maji meupe na jua kali atafanya nini, ataondoka, anakwenda kwenye kina.

La pili ni baridi. Maji yakianza kuteremka kuelekea nyuzi 10 za sentigredi, samaki hawa wanaanza kupanda mto taratibu kufuata mahali watakapokaa msimu wa baridi, na wanapopanda wanakutana na ukuta wa bwawa. Mississippi ya juu ina mabwawa 29 yenye malango ya kupitishia vyombo, mengi yao yalijengwa miaka ya 1930, kwa hiyo kila kipande cha mto kwa juu kina ukuta wa bwawa ambao samaki hawauvuki kirahisi. Wanajikusanya chini yake, kwenye mashimo. Ukiwa karibu na mji wa Red Wing, kipande kile cha chini ya bwawa namba 3 mpaka Ziwa Pepin kinajulikana kwa wolai na sauga, anzia hapo.

Yani mto ukijaa samaki wametawanyika kila pahala, mpaka kwenye vichaka vilivyofunikwa na maji. Mto ukipungua sehemu zenye kina zinabaki chache, na wote wako humo. Kazi yako ni kuzipata, usipoteze siku nzima kurusha ndoana palepale ulipopata samaki mwezi wa saba.

Tafuta kona ya mto, ule upande wa nje ambako maji yanachimba, hapo kina huwa kirefu hata mto ukiwa mdogo. Tafuta pale maji ya kasi yanapopakana na maji ya pole, utaona mstari juu ya maji, povu na majani makavu yanapita kwa kuufuata. Samaki anakaa kwenye maji ya pole na pua yake iko jirani na ya kasi, asichoke na chakula kimfikie. Kama boti ya wenzako ina mashine ya kupimia kina tembea polepole na uangalie chini inapoporomoka ghafla, ule ukingo wa mporomoko ndo wa kuvua, katikati ya shimo mara nyingi hamna kitu. Mchana wa jua anza mita 6 mpaka 9. Magharibi mpaka isha, na alfajiri kabla jua halijatoka, wolai wanapanda kula maji ya mita 2 au 3 juu ya mchanga na mawe yaliyo jirani na kina, hapo usiende mbali nao. Sauga yeye hapandi sana, huwa chini zaidi ya wolai na anakula hata mchana, kwa hiyo siku ya jua fuata sauga, jioni fuata wolai.

Ndoana sasa. Wenyeji wanatumia jigi, ile ndoana iliyomiminiwa risasi kichwani. Maji ya kasi yanataka risasi nzito lakini saa hizi mkondo umelegea, kwa hiyo shuka mpaka gramu 3 au 5, kwenye shimo refu labda 10. Kipimo ni hichi: risasi nyepesi kabisa ambayo bado unaisikia ikigusa chini. Uzi uwe mwembamba, wa kubeba kilo 3 au 4 unatosha, maji meupe yanauonyesha uzi mnene. Chambo ni kisamaki kidogo kilicho hai, mpitishe ndoana mdomoni itokezee kichwani. Boti iachieni ishuke na mkondo, mwenye mashine airekebishe iende sawa na maji ili uzi wako ukae wima, ukishalala tu ushapoteza hisia.

Na hapa mtoto wa Pemba umewashinda wenzako. Umevua changu kwa mshipi wa mkono, unaijua ile chubwi ikigonga mwamba na unajua samaki akionja na samaki akimeza, basi ni kazi ileile ila mkononi una fimbo. Inua jigi kama upana wa kiganja, isizidi, kisha iteremshe uzi ukiwa bado umekaza, kwa sababu wanalidaka likiwa linashuka na ukiulegeza uzi hutosikia kitu. Maji yakizidi kuwa baridi punguza tena, kuna wakati unaliacha tu limetulia inchi chache juu ya mchanga na hapo ndo wanakula. Ukiona chambo kinarudi kimekatwa mkia huyo ni sauga, ongeza ndoana ndogo ya pili kwa nyuma.

Uwajue pia kuwatofautisha, maana kanuni za idadi na ukubwa zinaweza kuwa si sawa na huko mto ndo mpaka wa Minnesota na Wisconsin, soma kanuni za sehemu unayovua na leseni uwe nayo. Wolai ncha ya chini ya mkia ni nyeupe, na pezi la mgongoni lina doa moja jeusi kwa nyuma. Sauga pezi lake lina vidoadoa vilivyojipanga mistari, mwili una mabaka ya kahawia, na mkia hauna ile ncha nyeupe. Kuna na machotara wa hao wawili, hao nao wamo mtoni.

Sasa nisikilize hapa mwanangu kwa sababu hili linaniuma. Ukimvuta samaki huyu kutoka zaidi ya mita 9, kile kifuko chake cha hewa kinafura kwa sababu uzito wa maji umemtoka ghafla na yeye hawezi kuitoa ile hewa haraka. Utamwona macho yamemtoka, tumbo limekuja mdomoni. Ukimrudisha anaelea, au anazama akafie huko usikomwona, na wewe unaondoka ukidhani umefanya wema. Na maji yakiwa madogo samaki wote wamekusanyika shimo moja, wanakula mmoja baada ya mwingine, watu wanavuta sauga wadogo siku nzima na kuwatupa wakisema wanachagua wakubwa. Usifanye hivyo. Ukivua kina hicho kila anayepanda ni wa kuliwa muda wa kuwa sheria inamruhusu, mhesabu, ukitosheka kunja uzi uondoke. Ukitaka kuchagua basi vua maji ya mita 5 au 6, huko ukimrudisha upesi anaishi.

Na vaa jaketi la kuokolea, vaa mwilini, usiliweke chini ya kiti. Kuogelea umejua tangu mdogo lakini maji ya nyuzi 10 si maji ya Wete, mikono inakufa ganzi kwa dakika chache tu na kuogelea kote kunakwisha. Chini ya bwawa maji yanajikunja na kurudi nyuma, yanaivuta boti kuelekea ukutani, alama za kukataza zikiwapo zifuateni. Na nanga isifungwe tezi hata siku moja, ifungwe omoni, mkondo ukiikamata boti kwa nyuma unaijaza maji.

SWALI: Mie niko Mwanakwerekwe. Nimesikia habari za hao wolai, je ndo sangara wa Ziwa Victoria? Na hatuwezi kuwafuga huku Zanzibar?

JIBU: Hapana bibie, si sangara. Sangara kitaalamu ni Lates niloticus na ana ukoo wake. Wolai ni Sander vitreus, sauga ni Sander canadensis, na Ulaya wana ndugu yao anaitwa zander. Kufuga huku haifai, wanahitaji msimu wa baridi ndo mayai yapevuke na wanataga maji yakiwa kama nyuzi 6 mpaka 10, Zanzibar baridi hiyo utaipata kwenye friji tu. Hata ingewezekana mie ningekataa. Sangara aliingizwa Victoria miaka ya 1950 na aina nyingi za furu waliokuwa mle ziwani zikapotea. Kwa kula, ndiyo, ni samaki mzuri sana, nyama nyeupe, laini, haina shombo, na Minnesota walimfanya wolai kuwa samaki rasmi wa jimbo lao tangu 1965.

SWALI: Ami, sie wa Chwaka hatuna mto. Mafunzo ya maji madogo yanatufaa nini na ghuba yetu ikipwa inabaki mchanga na nyasi?

JIBU: Yanawafaa sana. Ghuba ikipwa changu na tasi waliokuwa wanakula kwenye nyasi lazima watoke, na wanatoka kwa mikondo ileile mnayoijua nyie, yale mapito yenye kina, wakingojea maji yarudi. Tofauti ni kwamba mto unabaki mdogo wiki nyingi, ghuba yenu inapewa saa sita tu. Bamvua, siku zile za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, mkondo ni mkali, chubwi nyepesi inachukuliwa. Kwa hiyo aidha uweke nzito, au uvue ile nafasi fupi maji yanaposimama kabla hayajageuka. Maji mafu, kama mwezi 7 na 8 hivi au 21 na 22, mkondo ni mpole, hapo ndo ushushe chubwi nyepesi na uzi mwembamba kwenye ukingo wa mkondo, usishushe katikati, chambo kamba au kipande cha ngisi, na utasikia hata changu mdogo akionja.

Ila msiuzungushie nyavu mkondo maji yakiwa yamepwa. Samaki wa ghuba nzima wako mle na hawana pa kukimbilia, wakubwa kwa watoto, na juya likikokotwa linang'oa na nyasi wanazorudi kula. Wenzetu wa Kisiwa Panza huko Pemba wanaufunga mwamba wa pweza kwa miezi kisha wanaufungua, na mikondo ya Chwaka nayo inaweza kuwekewa utaratibu wa wenyewe, mshipi na dema ruhusa, nyavu za kuzungushia hapana. Lipelekeni kwenye kamati yenu ya uvuvi kabla bamvua linalokuja.