Koni inamtesa mbwa wangu: nimvalishe nini badala yake?

SWALI: Daktari, mbwa wangu jike ametolewa kizazi siku nne zilizopita. Ile koni ya plastiki shingoni, ya kumzuia kulamba mshono, inamtesa: anagonga milango, usiku halali. Jirani anasema niivue tu, mate ya mbwa ni dawa. Kuna kingine cha kumvalisha?

JIBU: Kipo. Kwa mshono wa tumboni, fulana ya pamba inayomkaa vizuri inatosha. Kichwa kipite shingoni, miguu ya mbele mikononi, kisha kusanya upindo kiunoni na ufunge fundo juu ya mgongo. Chini iishie kabla ya anapokojolea. Uwe nazo mbili, ubadilishe kila inapolowa, kwa sababu unyevu hulainisha ngozi na bakteria huzaliana. Kwa paka, kata mkono wa sweta na utoboe matundu manne ya miguu. Pete ya kujazwa upepo, inayovaliwa shingoni badala ya koni, haina msaada kwa mbwa mwenye pua ndefu. Atajikunja na kuufikia mshono.

Mkimvalisha, mtazameni nusu saa nzima. Ulimi ukifika, koni irudi, ipite ncha ya pua kwa sentimita 3 hivi, na vidole viwili vipenye kati yake na shingo.

Hilo la mate nalisikia kila wiki, na linanikera. Ni kweli mate yana kemikali zinazoua baadhi ya bakteria, ila kinywa hichohicho kimejaa bakteria wengine, na ulimi unakwangua. Meno ya mbele hukata nyuzi kwa dakika chache, mara nyingi usiku mmelala. Tabaka la ndani la mshono nalo likiachia, utumbo unatoka nje. Nyuzi hukaa siku 10 hadi 14. Siku ya nne kidonda bado hakijashikana.

Wanaokataa koni ndio haohao hupaka pilipili mbwa asijilambe, au oili chafu ya gari. Pilipili huunguza kidonda, oili huingia tumboni akiilamba. Wengine humpa mnyama vidonge vyao vya maumivu: kimoja tu cha paracetamol kinaweza kuua paka, na diclofenac au ibuprofen hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Mshono ukivimba, ukitoa usaha au harufu, au ukiachana, mpeleke siku hiyohiyo kwa aliyempasua, bila kupaka chochote.