CMD, PowerShell, au nibaki na mausi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina steshenari karibu na shule moja hapa Morogoro, na kompyuta ya Windows 10. Kutwa naskani vyeti, jioni folda imejaa IMG_0001, IMG_0002 na kuendelea. Naongeza tarehe kwenye kila jina, faili moja moja, ili mteja akirudi nimpatie chake. Kijana mmoja ananiambia nijifunze CMD, ile programu ya Windows ya kuandika amri badala ya kubofya, mwenzake anasema hiyo ni ya wazee, nianze na PowerShell, nayo ni ya kuandika amri. Nimsikilize nani?
Mama Steshenari

JIBU: Marahaba, mama. Msikilize wa pili, ingawa hilo neno "wazee" limenigusa. CMD ilirithi amri nyingi kutoka MS-DOS, mfumo wa kompyuta wa Microsoft wa mwaka 1981. Kunakili na kufuta inaweza sana, ila kwa kazi kama yako utaandika alama za asilimia mpaka macho yaume. PowerShell ilitoka 2006 na kwenye kompyuta yako imo tayari, hutamaliza bando kuipakua. Hata dir, cd na copy inazielewa.

Ingia kwenye folda, shikilia Shift, bofya kulia mahali patupu, chagua kufungua PowerShell. Andika kwa mstari mmoja:

Get-ChildItem IMG_*.jpg | Rename-Item -NewName { $_.LastWriteTime.ToString('yyyy-MM-dd_') + $_.Name } -WhatIf

Kabla ya ule mstari wima, amri inakusanya picha zinazoanza na IMG_. Baada yake, inatanguliza tarehe kwenye kila jina. Kesho ukiirudia, za leo haitazigusa, kwa kuwa hazianzi tena na IMG_. Lile -WhatIf la mwisho linakuonyesha kitakachofanyika bila kufanya lolote. Ukiridhika, lifute, urudie amri. Nakusihi usiliruke: vyeti ni vya watu, na hapa hakuna Ctrl+Z.

Baadaye utataka kuhifadhi amri zako kwenye faili la PowerShell, lenye jina linaloishia na .ps1 (ndiyo skripti), na Windows itagoma kuliendesha. Si virusi, ni ulinzi. Andika mara moja tu Set-ExecutionPolicy RemoteSigned -Scope CurrentUser. Skripti zako mwenyewe zitakubali, zilizopakuliwa mtandaoni bila sahihi ya kidijitali zitazuiwa. Kijana akitaka kukuwekea Unrestricted, yaani kuruhusu kila skripti, eti ndiyo rahisi, mnyime kiti.

Mtu akikuuzia kitabu cha VBScript, lugha ya zamani ya skripti za Windows, usinunue. Microsoft ilishatangaza mwaka 2023 kwamba inaiondoa. Python, lugha ya kuandikia programu, ni nzuri, lakini kwa tarehe tu utakuwa umejitwisha mzigo bure.

Na kama hamu ya kuandika amri huna, sikulaumu. Pakua PowerToys, ni ya Microsoft na ni bure. Ndani yake mna PowerRename: unachagua faili zote, unabofya kulia, unaona jina la zamani na jipya ubavuni kabla ya kukubali, na tarehe inaweka pia. Ila cheti kipi ni cha nani, hilo hakuna programu kati ya hizi itakayokuambia. Jina la mteja utaandika kwa mkono.